Mtaa Alionichagulia Mume Wangu

Mume wangu alinichagulia mtaa ili nipoteze kazi. Sisemi alikosea, wala sisemi hakujua. Alijua, akachagua, kisha akanishika mkono na kunitembeza mpaka nikatamka mwenyewe kwamba nimepapenda. Watu wakinisikia hucheka. "Mama nawe, mtu anapotezaje kazi kwa sababu ya mtaa?" Basi wakae kitako wanisikilize.

Kwetu alisomeshwa kaka, mimi nikapewa beseni. Nilifua nguo za nyumbani, nikafua za majirani, nikafua za nyumba ya wageni, mpaka mikono yangu ikaijua sabuni kuliko inavyoyajua mafuta ya kupaka. Nilipoolewa nilikuwa tayari nimeajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ndogo. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha unga. Tukapata binti mmoja, tukamkuza, akaenda kufanya kazi mbali. Maisha hayakuwa na makubwa. Yeye alirudi mweupe kwa unga, mimi nilirudi mweupe kwa sabuni, na majirani walituita maharusi.

Kinu kile kikafungwa. Mume wangu akapata kazi kwenye kinu kikubwa katika mji mwingine, mji anakoishi dada yake, akatangulia. Mimi nikabaki nikiulizia. Muuguzi mkuu wetu akanisemea kwa wenzake wa huko, nikaitwa, nikatazamwa ninavyofanya kazi, na walichonipa sikukitarajia. Walinifanya msimamizi wa zamu ya asubuhi katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu. Mimi, mtoto wa beseni. Nilipompigia simu mume wangu kumweleza, alisema, "Hongera, bosi." Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Lazima nieleze kazi ile, maana bila hivyo hamtaelewa nilivyochinjwa. Ufunguo wa stoo ya mashuka safi haukuachwa kwa mlinzi wala kutundikwa ukutani. Ulipokezwa mkono kwa mkono. Msimamizi wa usiku haondoki mpaka wa asubuhi amefika, wamekagua pamoja mashuka ya chumba cha upasuaji, na ufunguo umetoka kwenye kiganja hiki ukaingia kwenye kile. Shuka likipotea, inajulikana lilipotea mikononi mwa nani. Ni utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Lakini ukichelewa wewe, anayefungwa ni mwenzako.

Nilifika mji ule Jumamosi. Jumapili tukatoka na dalali kutafuta nyumba. Mji umekatwa katikati na reli. Kinu kipo upande mmoja, hospitali upande wa pili, kwa hiyo popote tutakapokaa mmoja wetu atatembea kidogo. Mimi nilikuwa radhi. Niliona ni haki tukutane katikati.

Dalali alikuwa mtu wa maneno, suruali imempwaya, mkononi ana rundo la funguo kama askari jela. Alianza kutuonyesha vyumba viwili nyuma ya hospitali. Dirisha lilitazama ua wa chumba cha kufulia chenyewe; niliona mashuka yameanikwa, moyo ukaniruka. Mume wangu akavuta pumzi puani kama mbwa.

"Unanusa? Wanachoma bandeji."

"Shemeji, harufu huzoeleka," dalali akasema. "Hata ndoa huzoeleka."

Nilicheka peke yangu. Mume wangu alikuwa ameshatoka nje.

Tukaenda maeneo ya sokoni. Chumba kikubwa juu ya duka la fundi cherehani, na pazia la kugawa sehemu ya kulala. Hapo tungekuwa katikati kabisa, kila mtu na safari yake fupi. Mume wangu akapanda ngazi taratibu, mkono kiunoni, kama mzee, naye siku hizo alikuwa akibeba gunia begani bila kuguna.

"Na mgeni akija atalala wapi?"

"Mgeni gani?" nikamuuliza.

"Mgeni ni mgeni, mama. Kwani hupiga hodi mwaka mmoja kabla?"

Ndipo tukavuka reli. Ile nyumba ya ng'ambo, nakiri, ilikuwa nzuri. Vyumba vitatu, uani kuna bomba, ukuta mrefu wa kuzuia macho ya watu, kamba ya kuanikia imeshafungwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mimi nilitazama mlango, na bomba, na kamba. Hatujamaliza kuzunguka, wifi yangu akatokea na jagi la maji ya matunda, kumbe nyumba yake ni ya pili kutoka pale.

"Wifi yangu! Hapa utanenepa, utamsahau hata mama yako mzazi."

"Na kazini nitafikaje?" nikauliza.

"Twende tupime," mume wangu akasema. "Usije ukasema sikukupimia."

Akanishika mkono. Ndoa yetu nzima hakuwahi kunishika mkono barabarani, hata siku binti yetu alipotoka hospitali na homa. Tukatembea kama wachumba. Lango la reli lilikuwa limeinuka juu, mbuzi anakula majani katikati ya vyuma. Tukapita, tukateremka, tukapita kwa wauza viatu, mara hiyo hapo hospitali.

"Umeona? Hata jasho halijakutoka."

Nikasema nimepapenda. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mimi ile kamba niliishika mwenyewe nikasaidia kuifunga.

Siku ya kwanza ya kazi niliondoka bado giza halijaisha vizuri, sare mpya imepigwa pasi mpaka inajikata. Nilipofika relini nikakuta lango limeshuka. Mabehewa ya nafaka yamejaa njia, yanavutwa mbele kidogo, yanarudishwa, yanakatwa, yanaunganishwa tena kwa kishindo. Watu wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Nikamgeukia mama mmoja mwenye kapu.

"Linafunguliwa saa ngapi?"

"Likifunguka utaliona."

"Ni kila siku?"

Akanitazama kuanzia viatuni. "Mgeni wewe. Kila siku ya kazi, alfajiri mpaka jua litoke. Wanapanga mabehewa ya kinu. Jumapili tu ndiyo kinu kinalala."

Nilipofika hospitali, msimamizi wa usiku alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Tulimwita Pasi, kwa sababu alikuwa mnyoofu na mwepesi wa kuchoma. Alikuwa na mtoto wa kunyonya nyumbani, na kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa.

"Leo ni mgeni, nakusamehe," akasema. "Kesho mwanangu hatajua kama wewe ni mgeni."

Jioni nikamwambia mume wangu habari za lango. Alikuwa akinawa unga masikioni.

"Mimi nashinda ndani na mashine. Mabehewa nayajulia wapi?"

"Tuhame."

"Kodi tumeshalipa, mama. Ondoka mapema zaidi. Bosi si ndiye anayefika wa kwanza?"

Nikafanya hivyo. Nikawa naondoka kabla lango halijashuka, nafika hospitali ingali usingizini, nakaa kwenye ukingo wa mtaro nje ya geti mpaka zamu yangu ifike. Mbu walinila, walevi walinitania. Sikujali. Pasi akaanza kunisalimia, na mara moja alinionyesha mtoto wake aliyeletwa na jirani, akanipa nimshike huku akihesabu mashuka. Nikajua nimepata kazi na nimepata mwenzangu.

Ndipo mgeni akaja.

Mama mkwe alikuwa akiishi kwa wifi. Kiharusi kilimpooza upande mmoja, lakini ulimi ulipona wote. Wifi akamleta na godoro lake na beseni lake. "Siku chache tu, wifi, nipake rangi nyumba." Rangi hiyo haijapakwa mpaka leo. Mama mkwe akalazwa katika chumba cha tatu, na wala hakuna aliyepepesa macho. Kitanda kilikuwa kimeshafungwa siku mbili kabla; mume wangu aliniambia ni cha binti yetu akija likizo.

Mama mkwe alinipima siku mbili tatu, akaijua saa yangu ya kutoka. Kuanzia hapo, nikishika tu mkoba, naye anaachia mkojo. Nikimwomba mume wangu ambadilishe, anajifunika shuka. "Mama yangu, nimwone uchi? Hiyo ni laana." Nami siwezi kumwacha binadamu kwenye maji. Nageuza, nafuta, natandika, natoka mbio, nakuta lango limeshuka.

"Mama, tafadhali," nilimwambia asubuhi moja, "ungeniita mapema kidogo."

Akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. "Si kazi yako ni mashuka? Basi kazi imekufuata nyumbani. Wenzako huifuata."

Nilijaribu njia ya darajani, kule barabara kuu. Ni mzunguko wa mtu asiye na haraka. Nilifika nimechelewa kuliko waliongoja lango. Pasi aliacha kunisalimia. Kisha akaacha kunitazama. Alinipa ufunguo kwa kuupigisha kwenye kiganja changu kama mtu anayepiga mhuri.

"Una usingizi wa pono wewe," alisema siku moja mbele ya wafuaji wote. "Mwanangu ananyonya vidole kwa ajili ya usingizi wako."

Nilimweleza habari za lango na mgonjwa. Akasema kila mtu ana lango lake.

Siku iliyonimaliza, mvua ilikuwa imenyesha. Mama mkwe alikuwa amechafua zaidi ya mkojo. Nilifika relini nimechelewa, mabehewa yametulia, na nikaona vijana wawili wakiinama wanapita chini yake. Nikainama na mimi. Mwanamke wa umri wangu, mkoba shingoni, natambaa kwenye kokoto na mafuta machafu. Nikiwa katikati, vyuma vikalia juu yangu. Behewa likasogea. Pindo la sare likanaswa sijui na nini, nikavutwa kama mzigo, nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo. Ilipasuka sare, si mimi. Nikajiviringisha upande wa pili, magoti yamechunika, nikaendelea kukimbia.

Pasi hakuwepo. Mtoto wake alikuwa ameamka na degedege, jirani akaja kumwita, na mama gani atasimama na ufunguo? Alifunga stoo, akaondoka nao. Chumba cha upasuaji kikaitisha mashuka, hakuna. Mgonjwa alikuwa ameshalazwa mezani, daktari ameshanawa mikono. Walihangaika kuazima wodini mpaka mtu alipotumwa kwa Pasi.

Mkuu wa kitengo alituita sote wawili. Pasi alikuja na mtoto mgongoni, bado ana joto. Alifukuzwa kwanza, kwa kuondoka na ufunguo. Kisha mkuu akanigeukia mimi.

"Na wewe, sare."

"Nitaileta kesho, nikishaifua."

"Imechanika, na ni ya hospitali. Ivue hapahapa."

Ndani sikuwa na nguo ya kutembea nayo. Walinitupia gauni la mgonjwa, lile la kufungwa kwa nyuma. Pasi alisimama akanitazama ninavyohangaika na kamba za mgongoni, asinisaidie, kisha akasema polepole, kama mtu anayetoa dua, "Mungu akulaze usingizi ule unaoupenda." Nikauvuka mji mchana kweupe nimeshika gauni kwa nyuma. Watu walinipisha njia. Walidhani nimetoroka wodi ya vichaa.

Lango sasa lilikuwa wazi. Mlinda lango, tuliyemwita Bendera, alikuwa kwenye kibanda chake anatafuna. Akanichekea.

"Mama vipi, umelazwa au umeruhusiwa?"

"Nimefukuzwa kazi. Kwa lango lako."

Akaacha kutafuna. "Wewe si mke wa fundi wa kinu? Yule mrefu, mwenye kovu la kidole?"

"Ndiye."

"Mbona nilimwambia yote! Kabla hujaja, alikuja hapa, akakaa kwenye hili benchi, akaniuliza lango linafungwa lini, linafunguliwa lini, na siku gani halifungwi kabisa. Nikamjibu, bwana, mwenye kazi upande ule asipange upande huu, labda kama kazi yake ni ya Jumapili. Akanishukuru vizuri sana. Nikasema moyoni, huyu bwana anampenda mkewe."

Nilisimama pale na gauni langu. Bendera akaona kwamba amekanyaga pabaya, akajifanya anatafuta filimbi.

Jioni walikuwa wote chumbani kwa mama mkwe, kwa sababu wifi alikuwa ameleta chai ya mama yake. Sikukaa. Nikamwambia mume wangu maneno ya Bendera, neno kwa neno.

Wifi ndiye aliyejibu. "Jamani wifi, kufua damu za watu nayo ni kazi ya kulilia? Umepumzishwa, shukuru."

"Nimemuuliza mume wangu."

Aliangalia kikombe chake. Sikuona aibu usoni mwake, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Alikuwa kama fundi anayeulizwa kwa nini amefungua nati fulani.

"Ningekuambia tumlete mama, ungeacha kazi umtunze?"

"Nisingeacha. Tungetafuta mtu."

"Unaona? Basi ningekuambia ili iwe nini?"

Mama mkwe akanywa chai yake kwa kijiko. "Mwanangu ana akili," akasema. "Baba yake angenipiga. Huyu amekutembeza tu."

Kwa muda nilifanya ile kazi. Nilikuwa sina sare, sina mahali pa kwenda, na mwanamke mzima haondoki kwake kwa kukurupuka. Nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza. Alinitukana asubuhi na jioni, na nikishika shuka lake ananiambia, "Bosi, kona ile hujakunja." Sokoni nilikutana na Pasi akiuza vitumbua, mtoto miguuni. Aliwaambia wateja wake, "Mpisheni, huyo anawahi kulala."

Hayo yote ningeyameza. Lakini binti yangu akanipigia simu. "Mama, nakupenda, ila lazima nikuambie ukweli. Kazi kama ile umeipoteza kwa usingizi? Baba ameumia sana. Amesema alikuwa akikuamsha, unageukia ukutani."

Nilimtazama mume wangu ng'ambo ya meza. Alikuwa akimega mkate.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla yao, nikafunga nguo zangu kwenye shuka moja. Mume wangu akatoka chumbani, kofia ya kinu kichwani, chakula cha mchana mkononi. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kuita, na harufu ilikuwa imefika sebuleni. Nikamtoa mume wangu kile chakula mkononi, nikakiweka chini. Nikampa beseni la maji ya moto, nikahakikisha amelishika vizuri kwa mikono yote miwili.

"Zamu yako," nikamwambia.

"Mama, acha utani. King'ora kinalia."

"Kikilia, wewe usiende. Mwenye mgonjwa haondoki mpaka wa kumpokea afike."

"Atafika nani?"

"Muulize dada yako kama rangi imekauka."

Nilipotoka na furushi langu aliniita mara moja tu, kwa sababu majirani walikuwa wakifagia nje. Nilimsikia mama mkwe akimwuliza kwa nini maji yanachelewa. Yule bibi hakubadilisha sauti, akamtukana mwanawe kama alivyonitukana mimi.

Nasikia alikosa kinu siku ile na nyingine, wakamkata mshahara, baadaye wakamwondoa. Nasikia wifi na kaka yake sasa hawasalimiani, wanasukumiana mama yao kama mlango wa bembea. Wengine wanataka nihuzunike. Mimi nimepanga chumba nyuma ya hospitali, moshi wa bandeji na yote. Nafua nguo za wauguzi kwa mkono. Dirishani nayaona mashuka yameanikwa uani, na mwanamke mwingine anayakagua na ufunguo kiunoni. Kila asubuhi namwona.

Mama mkwe simdai. Yeye alinitukana usoni, kila siku, bila kunificha kitu. Wifi namdai, lakini wifi ni mtu wa kusahau hata rangi; sitegemei. Bendera amekuja mara mbili kuniomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Anayedaiwa ni mume wangu. Mara moja alitumwa mzee wa familia kuniuliza nataka nini ili nirudi. Nikasema sirudi, ila namdai mambo mawili, na yote ni ya mdomo. Ampigie simu binti yetu, amwambie, "Mama yako hakuwa amelala." Kisha aende sokoni, asimame mbele ya meza ya Pasi wateja wakiwepo, amwambie nani alifunga lango asubuhi zile ambazo mtoto wake alinyonya vidole. Mzee akasema hayo ni madogo, atayafikisha. Aliyafikisha. Binti yangu bado ananipa nasaha za kulala mapema, na Pasi bado akiniona anawaambia watu wanipishe.